Merikebu Iliyozama Mlangoni

Mwamba wa Hunnebådan umejificha chini ya maji, nje kidogo ya mlango wa mto Göta, magharibi mwa Uswidi. Kutoka hapo hadi ngome ya Nya Älvsborg hakufiki kilomita moja; mvuvi wa kwetu angekwenda na kurudi kwa kasia asione kazi. Tarehe 12 Septemba 1745 merikebu iitwayo Götheborg, ikitokea Uchina, ilipanda juu ya mwamba huo na ikabaki hapo. Rubani alikuwa chomboni. Mji uliokipa chombo hicho jina lake ulikuwa mbele ya omo. Ilikuwa imekaa baharini na bandarini kwa watu miaka miwili na nusu, ikazunguka rasi ya kusini ya Afrika mara mbili, ikapita mlango wa Sunda kwenda na kurudi, na imebeba shehena ya tani 700 hivi. Watu wote walitoka salama.

Nilikwenda Göteborg kwa ajili ya merikebu hii. Mimi ni mtu wa Pangani, nimekulia penye mlango wa mto, na nimewasikia manahodha wazee wakizungumza habari za fungu la mchanga lililoko pale mto unapokutana na bahari. Bahari kuu wanaiheshimu, lakini wanachokiogopa hasa ni mlango wa nyumbani: maji yanakupwa, mto unasukuma nje, upepo unasukuma ndani, na watu chomboni wameshaanza kufunga vifurushi vyao, roho ziko kwa wake na watoto. Kwa hiyo kuzama kwa Götheborg nilikuelewa tangu siku ya kwanza niliposoma habari zake. Yaliyonikalia moyoni ni yale yaliyofuata, na nitayafikia.

Kiangazi kuna boti zinazopeleka watu ngomeni. Tuliteremka na mto, mkono wa kulia tukapita iliyokuwa karakana kubwa ya meli ya Eriksberg, ambako winchi moja ndefu ya rangi ya chungwa imeachwa isimame peke yake juu ya nyumba mpya za kupanga, kisha tukapita chini ya daraja la Älvsborg ambalo meli kubwa za abiria hupita bila kuligusa. Mwenzangu alikuwa mama wa Kibajuni aliyenipokea nyumbani kwake. Alizaliwa katika visiwa vya kusini ya Kismayuu, vita vikamtoa huko miaka ya 1990, na sasa ana wajukuu wanaozungumza Kiswidi kumshinda. Tangu ahamie mji huu hakuwa amewahi kufika ngomeni. Aliniambia, “Mwanangu, mimi boti nilizipanda za kutosha kunifikisha huku,” kisha akapanda kabla yangu.

Maji ya mlango ule yana rangi ya kahawia iliyokolea. Mto Göta unatoka ziwa kubwa la Vänern, na maji yake matamu yanatiririka juu juu kwenda nje, huku maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, yanaingia kwa chini. Chombo kidogo kinaelea katika mkondo mmoja. Merikebu iliyoshiba mzigo inakuwa na mwili katika mikondo miwili inayokwenda kinyume, na usukani unaweza kuacha kumtii mshika usukani. Hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa. Wengine wanataja upepo uliogeuka ghafla, wengine uchovu wa watu waliopungukiwa nguvu na idadi, na hawakosi wanaosema kwamba ilizamishwa kwa makusudi ili kuficha ubadhirifu. Mimi naamini maji. Mtu aliyewahi kuingiza chombo Pangani wakati wa kupwa, na kusi inavuma, hahitaji hadithi ya njama.

Lakini merikebu isianze kutazamwa siku ya kufa kwake. Götheborg iliundwa Stockholm, katika karakana ya Terra Nova, mwaka 1738. Ilikuwa na milingoti mitatu, mizinga 30 hivi ya kujilinda, na watu wapatao 140. Mwenye mali alikuwa Kampuni ya Uswidi ya India ya Mashariki, iliyopewa hati na mfalme mwaka 1731. Walioipigania hati hiyo walikuwa watatu: Henrik König wa Stockholm, Niklas Sahlgren mfanyabiashara wa Göteborg, na Colin Campbell, Mskochi aliyekuwa na uzoefu wa biashara ya Mashariki. Waingereza na Waholanzi walikuwa wameshatangulia, na kampuni zao zilikuwa na ngome na majeshi. Waswidi hawakuwa na koloni hata moja njiani. Walikwenda Canton, Uchina, kununua na kurudi kuuza, basi.

Tatizo lilikuwa moja: Uchina haikuwa na haja ya vitu vya Uswidi. Chuma, shaba, lami na mbao, vitu ambavyo Ulaya nzima ilivitafuta kwa kujengea meli zake, Canton havikufua dafu. Wachina walitaka fedha halisi. Kwa hiyo merikebu ilitoka Göteborg ikaenda kwanza Cádiz, kusini ya Hispania, ikauza bidhaa za nyumbani na kupakia sarafu za fedha za Kihispania, zilizochimbwa Amerika, ndipo ikaelekea kusini. Fedha iliyochimbwa na watu waliotumikishwa milimani huko Amerika ikavuka bahari mbili ili mke wa tajiri wa Ulaya anywe chai. Biashara ile nzima ilisimama juu ya kitu hicho, na mara nyingi husahauliwa mbele ya vikombe vizuri.

Safari ya kawaida ilichukua mwaka mmoja na nusu, na kilichopanga ratiba ni pepo zile zile zinazopanga maisha ya pwani yetu. Wasomaji wa Lamu, Mombasa na Unguja hawahitaji kuelezwa. Kusi ndiyo iliyowapandisha kutoka Java hadi Uchina katikati ya mwaka, na kaskazi ndiyo iliyowarudisha kuanzia Desemba na Januari. Ukiwahi, unapelekwa. Ukichelewa, unakaa. Merikebu Götheborg ilifanya safari zake mbili za kwanza kwa utaratibu huo: ya kwanza 1739 hadi 1740, ya pili 1741 hadi 1742, ikaenda na kurudi salama. Safari ya tatu ilianza Machi 1743 chini ya nahodha Erik Moreen. Hiyo ilikosa msimu. Walilazimika kungoja Java miezi na miezi, katika joto na homa za bandari, mpaka upepo ugeuke. Jahazi la Kiarabu lililochelewa kaskazi ya kurudi Unguja lilikuwa na hali hiyo hiyo: mabaharia wanakula akiba, wanakopa, wanauguliwa, na nahodha anatazama mawingu kila alfajiri.

Maisha ya baharia yalikuwa magumu kwa namna ambayo picha za tanga jeupe hazisemi. Nyama ya chumvi, mkate mkavu ulioingia wadudu, maji ya pipa yaliyooza. Kiseyeye kiliwavimbisha fizi na kuwalegeza meno. Merikebu zilizorudi kutoka Mashariki zilipita visiwa vya katikati ya Atlantiki, na katika kisiwa cha Ascension watu waliwageuza kasa chali ufukweni wapate nyama mbichi. Kila safari ilizika watu baharini. Zawadi yao, mbali na mshahara mdogo, ilikuwa ruhusa ya kubeba bidhaa zao wenyewe kiasi kidogo: kopo la chai, vikombe kadhaa, kitambaa cha hariri cha kumpelekea mtu. Ruhusa hiyo ndiyo iliyowafanya vijana wa mashamba ya Uswidi wajiandikishe tena baada ya kuona yote.

Canton ndiyo Guangzhou ya leo, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua mitaa yake kuliko wanavyojua Dodoma. Zama zile mgeni hakuruhusiwa kuingia ndani ya kuta za mji. Merikebu zilitia nanga Whampoa, chini kidogo ya mto, na mabaharia wakabaki huko miezi wakikwangua, wakikalafati na kushona matanga, huku wasimamizi wa biashara wa kampuni wakipanda mto hadi kwenye maghala ya wageni kandokando ya maji kupatana bei. Chai ndiyo iliyokuwa roho ya mzigo. Upakiaji wenyewe ulikuwa kazi ya akili. Chini kabisa, katika ngama, ziliwekwa mikuo ya madini ya jamii ya zinki na makasha ya vyombo vya kauri, kwa kuwa ni vizito, vinaituliza merikebu, na maji ya ngama hayaviharibu. Juu yake makasha ya chai, mbali na maji na mbali na kila chenye harufu, kwa sababu chai huvuta harufu ya jirani. Hariri ikawekwa pakavu zaidi. Kauri peke yake Götheborg ilibeba vipande nusu milioni au zaidi.

Wala chai hiyo haikwenda kunywewa Uswidi. Sehemu kubwa iliuzwa kwa mnada Göteborg na kusafirishwa tena, na kiasi kikubwa kiliingizwa Uingereza kwa magendo, kwa kuwa serikali ya huko ilitoza chai ushuru mzito kupindukia. Biashara hiyo ilikatwa pumzi mwaka 1784, Bunge la Uingereza lilipoushusha ushuru kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Kwa nusu karne kabla ya hapo, mji mdogo wa pwani ya Uswidi ulitajirika kwa kiu ya Waingereza.

Nyumba ya kampuni bado ipo. Ni jengo kubwa la matofali kando ya mfereji, mtaa wa Norra Hamngatan, lililoanza kujengwa miaka miwili baada ya merikebu kuzama, na leo ni makumbusho ya mji. Ghala la chai limekuwa ghala la kumbukumbu. Hapo nilisimama muda mrefu mbele ya vyombo vya kauri vya Götheborg.

Vingi ni vigae. Vikombe vidogo visivyo na mkono, vya kushikwa kwa ncha za vidole; sahani zenye kingo zilizomegeka; bakuli zilizoshikana kwa udongo mgumu wa chini ya bahari. Nilichoka kutazama umbo, nikaanza kutazama rangi, na hapo nikaona jambo. Vyombo vya buluu na nyeupe vimebaki na michoro yao kana kwamba fundi ameweka brashi chini jana: maua, mashua, nyumba yenye paa lililokunjika, mti ulioinamia maji. Lakini vile vilivyokuwa na rangi nyekundu na dhahabu vimebaki na vivuli tu. Ukikiinamia chombo na kukitazama kwa ubavu, mwanga ukiteleza juu yake, unaona mahali ua lilipokuwa, uso wa kauri ukiwa umefifia kidogo pale brashi ilipopita. Sababu ni namna vilivyotengenezwa. Buluu ilichorwa kwanza juu ya udongo mbichi, kisha kikapakwa ute wa kioo na kuchomwa kwa moto mkali, hivyo rangi imefungwa ndani. Nyekundu na dhahabu ziliongezwa mwishoni, juu ya ute, na kuchomwa kwa moto mdogo. Matope na mchanga vilivyosugua kwa miaka zaidi ya 200 viliondoa kila kilichokuwa juu na kuacha kilichokuwa ndani.

Mama alikuwa amekaa kimya kwenye benchi. Aliponiona siondoki akaja akatazama. “Sahani hizi bibi yangu alikuwa nazo ukutani,” akasema. “Katika zidaka. Tulikatazwa kuzigusa.”

Nilimwamini bila kuuliza. Pwani yetu ilinunua kauri ya Uchina karne nyingi kabla Uswidi haijapata hata merikebu moja ya kwenda huko. Vipande vyake vimechimbwa Gedi na Kilwa. Ukienda Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya minara ya karne ya 18 ambayo wajenzi wake walipachika bakuli za Kichina kwenye chokaa. Vyombo vya zama hizo hizo, huenda vya matanuri hayo hayo: kimoja kikafungwa kaburini Kunduchi, kingine kikazikwa matopeni Göteborg. Vyetu vililetwa kwa majahazi, kutoka bandari hadi bandari, Uajemi, Bara Hindi, Arabuni. Hakuna hata moja kati ya majahazi hayo ambalo naweza kulitaja kwa jina la nahodha wake, tarehe ya kutweka tanga na hesabu ya mzigo, kama ninavyoweza kuitaja Götheborg.

Sasa nifikie yale yaliyonikalia moyoni. Merikebu ilipozama, kampuni ilianza kuopoa. Maji pale si ya kina kirefu. Walitoa kama theluthi moja ya shehena, ikiwemo chai tani 30 hivi, majora 80 ya vitambaa vya hariri, na kauri kwa wingi. Vikapigwa mnada. Fedha iliyopatikana ilirudisha gharama zote za safari ile ya miaka miwili na nusu, na juu yake ikawapa wenye hisa faida ya asilimia 14.5. Chombo kimepotea, theluthi mbili za mzigo ziko chini ya bahari, watu wamekufa njiani, na faida imepatikana. Nilipoisoma hesabu hiyo nilielewa kwa nini matajiri hawakuogopa kupeleka watu baharini. Hatari ilikuwa ya baharia. Kopo lake la chai lilikuwa chomboni pia, na asilimia 14.5 haikumhesabu.

Kuna jambo la pili. Kampuni hii ilikuwa na desturi ya kuteketeza vitabu vyake vya hesabu kila safari ilipokwisha kufungwa, ili majina ya wenye hisa na ukubwa wa faida visijulikane. Tangu kuundwa hadi kufa kwake mwaka 1813 ilifanya safari 132 kwa merikebu 37. Nyingi zilirudi salama, zikapakuliwa, zikatumika mpaka mbao zikachoka, kisha zikauzwa au kupasuliwa. Zilifanya kila zilichotakiwa kufanya, na kwa sababu hiyo hazikuacha kitu. Tunayoijua kwa karibu, tunayojua namna kasha lake la chai lilivyopangwa na kikombe kipi kilikuwa ndani ya kipi, ni ile iliyoshindwa umbali wa mwendo wa kasia kutoka nyumbani. Vitabu vilichomwa, matope hayakuchomeka. Kila nikilifikiria jambo hili naona ni haki kidogo kwa wale mabaharia, kwamba bahari ilitunza hesabu ambayo mabwana wao waliifuta.

Uchimbaji wenyewe ulikuwa kazi ya subira. Mwaka 1984 wazamiaji wa chama cha akiolojia ya bahari cha hapo mjini, Anders Wästfelt akiwa miongoni mwao, waliyapata mabaki, na kuanzia 1986 hadi 1992 Berit Wästfelt akaongoza kazi ya kuyachimbua. Pale mzamiaji haoni mbali. Anafanya kazi kwa vidole, anapapasa, anaondoa tope kidogo kidogo. Walipandisha vigae vya kauri vinavyofika tani tisa, na vyombo mia kadhaa vikiwa vizima. Walipandisha hata chai. Ilikuwa imekaa matopeni, hewa haiifikii, na majani yake yalikuwa bado ni majani. Karibu miaka 250 chini ya maji, na bado unaweza kuyatenganisha moja moja.

Uchimbaji huo ulizaa wazo ambalo mwanzoni wengi waliona ni wazimu: kuiunda tena. Hakuna mchoro wa Götheborg ya kwanza uliobaki. Waundaji walikusanya walichokuwa nacho, vipimo vya mabaki, michoro ya merikebu za zama zile, nyaraka za kampuni, wakaikadiria upya. Mkuku ulilazwa Göteborg mwaka 1995, katika karakana waliyoipa jina lile lile la Terra Nova. Mataruma ni ya mwaloni. Matanga, zaidi ya mita za mraba 1,900, ni ya kitani na yameshonwa kwa mkono. Kamba zimesokotwa kwa katani na kupakwa lami. Kazi hizo zilikuwa karibu kupotea Uswidi, na ilibidi watu wajifunze upya mikononi mwa wazee wachache. Ikateremshwa majini 2003. Oktoba 2005 ikatweka kwenda Uchina kwa njia ya Cádiz, ikapita Brazili na Afrika Kusini, ikafika Guangzhou Julai 2006.

Niliikuta imefungwa gatini. Harufu ya lami ilinipokea kabla sijapanda, harufu ile ile ya ufuo wetu siku chombo kinapokalafatiwa, na mama aliyeshika mkono wangu ngazini akasema, “Hii sasa ni meli.” Sitaha yake ni ngumu chini ya nyayo, mbao nene zilizosuguliwa zikawa kijivu. Mlingoti mkubwa unasimama mita 47, na kamba zinazoushikilia ni nyingi hivi kwamba nilijaribu kuifuata moja kwa macho kutoka ubavuni hadi juu nikaipoteza njiani. Simba wa dhahabu amekaa omoni. Chini ya sitaha, kwenye safu ya mizinga, mtu mrefu anainama, na hapo ndipo mabaharia wanapolala katika vitanda vya bembea vinavyoning'inizwa kati ya mzinga na mzinga. Kule chini zaidi kuna injini, majiko na vyumba vya kisasa, kwa kuwa sheria za leo za usalama haziruhusu vinginevyo. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Wengi waliokwenda nayo Uchina ni watu wa kujitolea, vijana wa kike na wa kiume, na hakuna aliyepaswa kung'oka meno ili safari ihesabiwe kuwa ya kweli.

Nilichofurahia zaidi ni mikono. Baharia mmoja kijana alikuwa ameketi juu ya pipa akiunganisha ncha mbili za kamba, akizifumua nyuzi na kuzipitisha moja juu ya nyingine kwa sindano ya mti. Mama alimtazama kwa muda, akamwomba ile kamba kwa Kiswidi chake cha polepole, akaifumua kidogo na kumwonyesha namna nyingine ya kuanza. Yule kijana akainama kutazama. Akamwita mwenzake.

Kumbe babu wa mama yule alikuwa fundi wa vyombo. Aliniambia hayo katika tramu tukirudi, kwa sauti iliyowafanya abiria wageuke. Babu aliunda majahazi na mashua kwa mbao za msituni, akazipigia deheni kwa mkono, na chombo chake mwenyewe kilikuwa kikibeba boriti kutoka Lamu kwenda kaskazini na kurudi na chumvi na papa mkavu. Kilipotea usiku mmoja kikiingia mlango wa kisiwa chao, mlango ambao babu aliupita tangu utoto. Watu waliogelea wakafika pwani. Asubuhi yake kisiwa kizima kilitoka kuokota boriti, na mbao za chombo zilizofaa zikaingia katika paa za nyumba na katika mashua nyingine, zisizofaa zikapikiwa. Hakuna picha yake. Hakuna kipimo chake. Lamu na Unguja siku hizi mbao za majahazi makuukuu hutengenezewa viti na fremu za kuuzia watalii, na mafundi wanaoweza kusema ubao huu ulikaa upande gani wa taruma lipi wanapungua kila mwaka.

Nikatoa daftari. Nikamwomba anitajie chombo cha babu kuanzia gubeti hadi tezi, chochote anachokumbuka. Alianza kwa haraka, kisha akasita penye idadi ya mataruma na urefu wa foromali. Alihesabu kwa vidole, akajisahihisha mara kadhaa, akakasirika. Kituo chetu kikatupita. “Ngoja,” akasema, akatoa simu mkobani. “Kaka yangu yuko Mombasa, yeye ndiye aliyekuwa akimshikia babu kamba ya kupimia. Saa hizi ameshatoka msikitini. Andika namba ya kila anachokisema, usiache hata kimoja.”